Gesi Haiishi

Katika lugha ya gereji zetu kuna neno moja ambalo nimelitafakari kuliko linavyostahili, pengine kwa sababu mwalimu hata akistaafu haachi kusahihisha. Kiyoyozi cha gari kikianza kupuliza hewa ya vuguvugu, mwenye gari husema, "Gesi imeisha." Fundi naye huitikia, "Imeisha, tujaze." Wameelewana, kazi inafanyika, fedha zinalipwa. Lakini walichosema si kweli.

Petroli huisha kwa kuwa injini huichoma. Mafuta ya taa huisha katika kibatari. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi na kitu chochote. Kompresa huikandamiza mpaka ikapata joto kali. Hupita katika kondensa iliyo mbele ya rejeta, ikapoa na kuwa kimiminika. Husukumwa katika tundu jembamba, ikafumka kwa baridi ndani ya kifaa kilichofichwa nyuma ya dashibodi, ambacho mafundi hukiita evapoleta. Kisha hurudi kwenye kompresa kuanza safari upya. Ni gesi ileile inayozunguka. Ni kweli kwamba mipira ya mabomba hupitisha kiasi kidogo mno miaka inavyokwenda, lakini gesi iliyojazwa Pasaka na haipo Krismasi haikuisha. Imevuja.

Tofauti ya maneno haya mawili si ya sarufi tu. Kitu kilichoisha hakina wa kuulizwa. Ndiyo desturi ya vitu, huisha. Kitu kilichovuja kina tundu, na tundu lina mahali pake, na mahali hapo pana mwenyewe.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1998, nami nililinunua likiwa limekwisha kutumika kwa wenzetu. Sitaki msomaji adhani kwamba nazungumzia anasa. Mama watoto ana kifua kisichopatana na vumbi, na barabara ya kwenda kliniki ni ya vumbi tupu. Tukifungua vioo anakohoa, tukivifunga tunaokwa. Basi hapo kiyoyozi kilipochoka nilikwenda kwa fundi, kijana mwenye adabu na mikono mizuri, naye akanipa njia mbili. Ya kwanza ni kujaza: shilingi elfu sitini, na saa sita nimeondoka. Ya pili ni kutafuta panapovuja. Alikwisha kuona dalili ya mafuta kwenye kijibomba cha kutolea maji, akahisi kwamba evapoleta imetoboka. Kuifikia lazima dashibodi yote ishushwe, na pamoja na kifaa cha mtumba nisingetoka chini ya laki tatu na nusu na siku mbili. "Mwalimu, usijitese," aliniambia. "Jaza. Ikiisha utarudi."

Kwa nini nisijaze? Fedha ni zangu, gari ni langu, na mtu ninayemstarehesha ni mgonjwa. Ubaya uko wapi?

Hapa inafaa turudi nyuma kidogo. Majokofu ya mwanzo yalitumia gesi zenye sumu, na zilipovuja ndani ya nyumba ziliua watu. Mwaka 1928 Mmarekani Thomas Midgley na wenzake walitengeneza gesi ya jamii mpya isiyo na sumu wala kuwaka. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, aliivuta kifuani na kuipuliza juu ya mshumaa. Mshumaa ukazimika, naye akabaki mzima. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Midgley alifariki mwaka 1944 bila kujua lolote baya juu ya gesi ile. Mwaka 1974 ndipo Mario Molina na Sherwood Rowland walipoandika kwamba gesi hizo hupanda juu sana angani na huko huila ozoni, lile tabaka linalotukinga na miale ya jua inayodhuru. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima anga ya Antaktika walitangaza kwamba tabaka lile limepungua mno juu yao. Miaka miwili baadaye ulitiwa saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa.

Je, Midgley alitenda kosa? Nionavyo mimi, la. Hakujua, wala hakuna aliyejua. Lakini aliyeifungulia gesi ileile hewani mwaka 1990, akiwa amesoma na kuelewa, hawezi kujificha nyuma ya Midgley. Mkono ni uleule na tundu ni lilelile. Kilichobadilika ni kujua.

Gesi iliyomo katika gari langu ni ya kizazi kilichofuata. Haili ozoni. Kasoro yake ni nyingine: kwa uzito uleule, na ukipima kwa miaka mia moja, huzuia joto duniani mara 1,300 au zaidi kuliko hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali mwezi Oktoba 2016 na kukubaliana kuipunguza nayo. Nimefundisha hesabu miaka mingi, basi nilikaa nikapiga hesabu. Gari kama langu hubeba gramu 450 hivi. Zikivuja zote, ni sawa na kilo 585 za hewa ya ukaa. Lita moja ya petroli hutoa kilo 2.3 hivi. Kwa hiyo ujazo mmoja uliovuja ni sawa na kuchoma lita 250 za petroli. Mimi mstaafu hutumia lita ishirini kwa mwezi. Yaani tundu nisiloliona, dogo kuliko ncha ya sindano, lingeweza kufanya kazi sawa na safari zangu zote za mwaka mzima.

Msomaji atasema: hilo ni tone katika bahari. Huenda. Katika shule ya bweni niliyoiongoza zamani, tangi la maji lilikuwa likikauka kabla ya alfajiri. Ukiwauliza wanafunzi, jibu lilikuwa moja: "Maji yameisha, mwalimu." Hakuna aliyelikausha. Kila mmoja aliacha bomba likidondoka kidogo, na mdondoko wa mtu mmoja ungejaza kikombe tu. Adhabu hazikusaidia kitu. Kilichosaidia ni washa za bomba na kijana mmoja aliyepewa spana.

Atasema tena: walioharibu ni wenye viwanda, mbona tubebeshwe sisi? Hoja hii siidharau hata kidogo, maana ni ya kweli. Lakini na waliotunga Mkataba wa Montreal hawakuidharau. Nchi tajiri ziliziacha gesi zile za kwanza mwanzoni mwa 1996. Nchi kama zetu zilipewa mpaka mwanzo wa 2010, na mfuko uliundwa ili wenye nacho wachangie gharama za wasio nacho. Deni halikufutwa, ila lilipimwa kwa uwezo wa mdaiwa. Sioni haki iliyo bora kuliko hiyo, ingawa utekelezaji wake ni jambo jingine.

Haya yote nilimweleza fundi, nikichora mchangani kwa kijiti, ndiyo maradhi yetu walimu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya chuo cha ualimu sikuulizwa na mkufunzi wala mwanafunzi: "Sasa Mwalimu, umeniambia ili nifanye nini?"

Hana mashine ya kunyonya gesi ya zamani kutoka garini. Bei yake ni kodi yake ya pango ya miaka. Wateja tisa kati ya kumi wana elfu sitini mfukoni, si laki tatu na nusu. Akikataa kuwajazia watavuka barabara, na upande wa pili hakuna anayekataa. Jana alikuwa mtu aliyejaza gesi. Leo, kwa sababu yangu, ni mtu anayejaza gesi huku akijua. Je, ni haki kumpa mtu ujuzi asioweza kuutendea kazi? Sisi tuliofundisha walimu tulichukulia kwamba kujua ni zawadi siku zote. Lakini kuna kujua kunakomtia mtu hatiani na kumwacha papo hapo na umaskini wake.

Nimeligeuza swali lile mara nyingi, na bado nasema nilipaswa kumwambia. Kunyamaza kungekuwa kuamua kwa niaba yake kwamba yeye ni wa kufanya tu, si wa kufikiri. Ila nakiri kwamba aliyesema hawezi kuondoka mikono mitupu. Mwenye ujuzi na laki tatu na nusu anadaiwa zaidi ya mwenye ujuzi na elfu sitini. Hivyo nilimwambia ashushe dashibodi. Evapoleta ilikuwa imeliwa na kutu nyeupe pembeni. Tulipoitia mgandamizo na kuipaka povu la sabuni, mapovu yalichemka kama uji. Alibadili ringi zote, akatia chujio jipya la kukaushia, akanyonya hewa kwa pampu nusu saa nzima na kusubiri kuona kama mshale wa geji utapanda. Haukupanda. Gesi aliipima kwa mizani.

Tukiwa tunafunga skrubu za mwisho aliingia dereva wa teksi, gari si lake, jioni anapaswa kupeleka hesabu kwa tajiri. "Fundi, gesi imeisha."

Kijana alinitazama kwanza, halafu akamtazama mteja wake. "Haijaisha, kaka. Imevuja. Kutafuta tundu ni siku mbili."

Dereva alifikiri. Alitoa fedha mfukoni, akazihesabu, akazihesabu tena. "Sawa," alisema, "imevuja. Lakini leo jaza."