Mgeni Anayelipa

Mgahawa mdogo wa mtaani unaopika kifungua kinywa cha Kusini mwa Marekani hujinadi kwa neno moja: nyumbani. Chakula ni cha nyumbani, mapishi ni ya bibi, na mhudumu humwita mteja "mpenzi" hata kama hajapata kumwona. Lakini nyumbani mgeni halipi. Hapo ndipo linapozuka swali la zamani katika dini na falsafa: ukarimu ukiuzwa, bado ni ukarimu?

Mlo wenyewe ni wa kushibisha. Biskuti ya Kusini si ile kavu ya pakiti, bali ni mkate mdogo, laini, usiotiwa hamira. Mpishi huvunjavunja siagi baridi ndani ya unga wa ngano kwa ncha za vidole mpaka iwe punje kama za kunde, humimina mtindi, kisha hulikusanya donge upesi bila kulikanda, maana likikandwa sana biskuti hutoka ngumu. Huliwa ingali moto, ikimwagiwa rojo zito la maziwa na soseji. Pembeni huwekwa griti, uji mzito wa mahindi yaliyosagwa chenga, ambao mla ugali akiuonja atautambua kuwa ni ndugu. Griti ni urithi wa wenyeji wa asili wa Amerika. Bamia na kunde za jiko hilohilo zilitoka Afrika, zikavuka bahari katika biashara ya watumwa. Jumapili, watu wakitoka kanisani, mlo wa asubuhi huunganishwa na wa mchana na meza hujaa.

Kikombe cha kahawa kikifika nusu, mhudumu hukijaza tena bila kuongeza bei. Je, hiyo ni zawadi? Mwanauchumi Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba mtu hapati chakula chake kwa huruma ya mchinjaji au mwoka mikate, bali kwa sababu wao wanatafuta faida yao. Kwa hesabu hiyo, kikombe cha pili kilishalipiwa ndani ya bei ya kwanza. Hata tabasamu lina hesabu yake: tangu 1991 kima cha chini cha mshahara wa shirikisho kwa mfanyakazi anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na katika majimbo yanayofuata kiwango hicho riziki ya mhudumu hutegemea zaidi kile mteja anachoacha mezani. Uchangamfu wake ni kazi, na ni kazi ngumu.

Mafundisho ya dini yanaelekea kwingine. Katika Mwanzo 18 Ibrahimu anawakimbilia wageni watatu asiowajua, anawaomba wakae kivulini, anaamuru ndama achinjwe. Kurani inasimulia habari hiyo katika sura ya 51. Wageni hao hawakuulizwa watalipa nini. Hata hivyo, ukarimu wa bure nao una kipimo. Hadithi za Mtume zinaweka siku tatu kuwa haki ya mgeni, na kinachozidi hapo ni sadaka. Waswahili wamebana zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tena husema, mgeni njoo, mwenyeji apone, maana mwenyeji naye ana anachopata. Basi malipo peke yake hayaui ukarimu. Mama lishe anayesema "karibu" kwa mteja hasemi uongo kwa kuwa atadai pesa.

Kinachoua ukarimu ni kuchagua mlangoni nani ni mtu wa kukaribishwa. Mwanafalsafa Immanuel Kant alishikilia mwaka 1795 kwamba kumpokea mgeni bila uadui si hisani, ni haki yake. Kusini mwa Marekani haki hiyo ilifika mahakamani kupitia mgahawa. Ollie's Barbecue ya Birmingham, Alabama, ilikuwa mali ya familia, yenye nafasi ya watu 220, ikisifika kwa nyama choma na pai za kupikwa palepale. Wafanyakazi wake walikuwa 36, theluthi mbili wakiwa Weusi. Lakini mteja Mweusi hakuruhusiwa kuketi. Alinunua akaenda kula kwingine. Desemba 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huo, iliyokataza kubagua wateja, iliubana mgahawa ule pia. Hoja yake ilijengwa juu ya biashara baina ya majimbo, ambayo Bunge la Marekani lina mamlaka ya kuisimamia: asilimia 46 ya vyakula vyake ilikuwa nyama iliyotoka nje ya Alabama. Hoja ilikuwa kavu, ila mlango ulifunguka. Mkono uliopika haukuwa na kiti katika chumba kilekile, na hakuna utamu wa pai unaoweza kuifanya hali hiyo kuwa ukarimu.

Mfano wa kinyume uko Montgomery, jimbo hilohilo. Georgia Gilmore, mpishi, alitoa ushahidi mwaka 1956 katika kesi ya Martin Luther King, kiongozi wa haki za kiraia, kuhusu mgomo wa Weusi dhidi ya mabasi yenye ubaguzi, akafukuzwa kazi. King akamhimiza apike nyumbani kwake, na sebule yake ikawa mgahawa ambamo Weusi na Weupe walikula meza moja. Wakati wa mgomo, yeye na wanawake wenzake waliuza keki, pai na kuku, na pesa zikasaidia kuendesha magari ya wagomaji kwa siku 381. Kikundi chao kilijiita Klabu ya Kutoka Pasipojulikana, ili wanachama wasijulikane wakapoteza kazi. Walaji walilipa, na hakuna aliyewahi kuwa mgeni zaidi ya walaji wale.

Gilmore alifariki Machi 1990, wakati wa maadhimisho ya miaka 25 ya maandamano ya Selma ya kudai haki ya kupiga kura, akiwa amewapikia waandamanaji kuku na makaroni ya jibini. Chakula hicho kililiwa na waombolezaji wake.