Mizani ya Kompyuta na Amana ya Mtafiti



Tukisoma Suratul Mutaffifin, mawazo ya wengi wetu huenda sokoni: kwa muuza mchele na mizani yake, kwa muuza mafuta na kipimo chake. Mwanafunzi wa biolojia hufunga msahafu akidhani sura ile haimhusu, kwani yeye hauzi kitu. Lakini kazi yake kutwa ni kupima, na siku hizi anapimiwa na kompyuta. Swali langu ni hili: kompyuta ikipima, nani anabeba dhima ya kipimo?

Kwanza tuelewe jinsi inavyopima. Picha ya kidijitali ni vitone vingi, yaani pikseli. Katika picha ya kijivu ya kawaida kila kitone kina namba, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Ukitaka kujua ugonjwa umeenea kiasi gani kwenye jani la maharage, unalipiga picha pamoja na rula, unaiambia programu sentimita moja ni pikseli ngapi, kisha unaweka kizingiti: chini ya namba fulani ni doa, juu yake ni sehemu yenye afya. Programu inakupa eneo la madoa kwa sekunde chache. Wengi wetu tunatumia ImageJ, programu ya bure aliyoitengeneza Wayne Rasband katika taasisi za taifa za afya za Marekani, iliyotoka mwaka 1997.

Faida yake haina ubishi. Jicho huchoka. Watu wawili wakikadiria jani moja hutofautiana, na mtu yule yule hutofautiana na nafsi yake asubuhi na jioni. Mashine haichoki wala haina upendeleo. Lakini kizingiti kinawekwa na nani?

Nitajitolea mfano mwenyewe. Nilikuwa nalinganisha mbegu mbili za maharage, na nilitamani moja ionekane inastahimili ugonjwa zaidi. Majani machache ya mbegu niliyoipenda yalitoa madoa mengi. Nikayafungua tena, nikaona kivuli pembeni, nikasogeza kizingiti kidogo, na madoa yakapungua. Sikubuni namba hata moja. Zote zilitoka kwenye kompyuta. Kivuli kilikuwepo kweli. Basi, je, nilidanganya?

Mtu anaweza kunitetea kwamba utafiti wowote unahitaji uamuzi, na kurekebisha kosa si dhambi. Ni kweli. Ziko hata njia za kuifanya kompyuta ichague kizingiti yenyewe, kama ile ya Nobuyuki Otsu ya mwaka 1979. Lakini ndani ya ImageJ njia za namna hiyo zinazidi kumi, na kuchagua mojawapo ni uamuzi pia. Hatuwezi kuukimbia uamuzi.

Kosa langu lilikuwa kwingine. Majani yaliyonipinga niliyakagua upya. Yaliyonifurahisha niliyaacha, ingawa nayo yangeweza kuwa na vivuli. Na hapa ndipo sura ile iliponikamata. Wanaolaumiwa mle si watu waliokosea kupima. Ni watu wenye vipimo viwili: wakijipimia wanajaza, wakiwapimia wengine wanapunguza. Mizani mbovu huwapunja wote sawasawa, na hilo ni kosa la kurekebishwa. Mkono unaobonyeza upande mmoja tu ni khiyana, hata kama mizani yenyewe ni nzima.

Wala tusidhani hili ni jambo dogo. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake walichapisha matokeo ya kukagua makala 20,621 za tiba na biolojia, wakakuta asilimia 3.8 zina picha zilizorudiwa isivyofaa. Hayo yalionekana kwa macho. Kizingiti kilichosogezwa hakionekani na mkaguzi yeyote. Kinajulikana na aliyekisogeza na Mola wake. Na mwenye kuumia ni mkulima atakayepanda mbegu kwa kuamini jedwali langu. Ibn al-Haytham, aliyeandika juu ya mwanga na kuona miaka elfu moja iliyopita, alimtaka mtafuta haki aitilie shaka hata nafsi yake anapochunguza maneno ya wengine.

Kuitilia nafsi shaka kuna njia zake. Weka kizingiti kwa picha za majaribio kabla ya kuona matokeo, kisha usikiguse. Mwombe mwenzako azipe picha namba za siri, usijue jani lipi ni la mbegu ipi. Pima baadhi ya majani kwa mkono uone kama kompyuta inasema kweli. Ukirekebisha moja, kagua zote kwa sharti lile lile. Andika kizingiti chako kwenye ripoti, na uhifadhi picha za asili.

Mimi nilirudia kazi yote hivyo. Tofauti kati ya mbegu zangu mbili ikawa ndogo kuliko nilivyotaka, na tasnifu yangu ikapungua mvuto. Lakini namba zile naweza kuzisimamia mbele ya msimamizi wangu, mbele ya mkulima, na Siku ambayo matendo yangu nami yatawekwa mizanini.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.