Kaza ndani kwanza: somo la handbreki



Nimemaliza falsafa na sasa niko mwaka wa kichungaji, katika parokia moja upande wa Temeke. Parokia ina Land Rover 109 ya zamani, Series III, aina iliyoacha kutengenezwa mwaka 1985. Handbreki yake ilikuwa legelege. Ijumaa moja nikachukua spana, nikakaza nati za kile chuma kinachotoka kwenye mkono wa handbreki. Mkono ukawa mgumu kweli. Nikamwambia Paroko, "Baba, iko sawa."

Haikuwa sawa. Jumapili, baada ya Misa ya pili, gari likaanza kuteremka lenyewe, polepole, kwenye mteremko wa getini, pale watoto wa Utoto Mtakatifu wanaponunua ubuyu. Likakwama kwenye mtaro. Hakuna aliyeumia, lakini aisee, mikono yangu ilitetemeka hadi jioni.

Kesho yake akaja fundi, mzee wa Mbagala. Akaweka mawe kwenye magurudumu, akaingia chini. Akanieleza kwamba handbreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika dramu moja nyuma ya giaboksi, inapoanzia propela shafti ya nyuma. Akaifungua. Sili imekufa, shuu zimelowa oili.

"Frateri, umekaza nje, ugonjwa uko ndani. Shuu yenye oili haishiki hata uvute na ng'ombe."

Akabadilisha sili, akasafisha dramu, akafunga shuu mpya. Kisha akakaza kirekebishio cha ndani mpaka shuu zikagusa dramu, akakirudisha nyuma milio miwili. Zile nati nilizoanza nazo mimi, yeye alizigusa mwisho.

Vijana, pale chini ya gari nilijiona mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa falsafa nilishindwa na simu. Usiku nilikuwa naangalia vitu ambavyo mtu anayejiandaa kusimama altareni hapaswi kuviangalia, wala kijana yeyote. Nilifanya nini? Nilikaza nati. Nilifuta programu, nikaweka nywila ndefu, nikaahidi novena. Kwa nje mkono mgumu kabisa! Lakini kwa miezi kadhaa sikwenda kuungama dhambi hiyo. Oili ilikuwa inavuja, na mimi nawaambia watu, "Niko sawa."

Yesu aliwaonya Mafarisayo wasafishe kwanza ndani ya kikombe (Mt 23:26). Hakukataza kusafisha nje, alitaja mpangilio. Nywila ni nzuri, novena ni nzuri. Ila sili iliyokufa inabadilishwa kwenye kitubio, na kwa kuzungumza na mtu mmoja unayemwamini. Mimi niliongea na baba wa kiroho. Dakika kumi tu, baada ya miezi ya kujificha.

Halafu ile milio miwili ya kurudi nyuma. Nilimuuliza fundi kwa nini asiache imekaza kabisa. Akasema dramu itachemka, shuu zitaungua. Wapo kati yetu wanaojibana hivyo: kila wazo ni dhambi, kila kicheko ni kosa, mwisho wanachoka na kuacha yote. Kanisa linaiita fadhila hii kiasi (KKK 1809). Inaongoza tamaa zetu, haiui furaha.

La mwisho: handbreki huvutwa gari likiwa limesimama. Ukingoja mpaka liko mteremkoni linakimbia, umechelewa. Weka simu sebuleni saa tatu, usisubiri saa sita uko nayo kitandani.

Jumamosi hii, kabla hujakaza chochote, nenda kaungame. Mimi nitakuwa kwenye foleni hiyohiyo.

Tusali: Ee Bwana, unayeona ndani yetu, tupe ujasiri wa kufunguliwa na kuponywa. Amina.

Ni mimi Frateri wenu. Mniombee.