Tunajenga kwa Hofu

Hapa Eldoret, mtu akishavuka miaka thelathini na mitano, salamu zake huota mkia. Utajuliwa hali, utaulizwa watoto, kisha litakuja: "Na umejenga?" Swali hilo haliulizwi kwa ubaya. Shangazi atakuuliza kwenye matanga, rafiki mliyesoma naye atakuuliza harusini, na mwenye bodaboda aliyezoea kukubeba atakuuliza njiani. Ukijibu kwamba ungali umepanga, unapewa pole kana kwamba umefiwa. Pengine utakumbushwa kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mimi ni mpangaji mtaani West Indies. Nalipa kodi kabla ya tarehe tano, nanunua tokeni za stima, na mfereji ukikauka nachota maji kwenye tangi pamoja na majirani. Sioni haya. Wala siko peke yangu: sensa ya 2019 ilionyesha kuwa karibu familia nane kati ya kila kumi zinazoishi mijini nchini Kenya zimepanga. Mwaka huo mji wetu ulihesabiwa watu 475,716, na tarehe 15 Agosti 2024 ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Wauguzi wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vyetu, mafundi, walimu, wauza mitumba, wengi wao hulala katika nyumba za watu wengine. Umati huo wote hauwezi kuwa umeshindwa na maisha.

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba kodi ni pesa iliyotupwa, kwamba mpangaji anamlipia landilodi mkopo wake. Tupige hesabu kwa mfano. Familia inalipa shilingi 18,000 kwa mwezi. Ikichukua mkopo wa milioni 3 kwa riba ya asilimia 14 na kuulipa kwa miaka 15, itatoa karibu shilingi 40,000 kila mwezi, na mwisho wa safari itakuwa imelipa karibu milioni 7.2. Hata riba ikishuka hadi asilimia 9, malipo ya mwezi hayapungui 30,000. Pengo kati ya 18,000 na 40,000 ni karo ya shule, ni dawa za mzazi aliyeko kijijini, ni akiba ya siku ya shari. Aliye na mkopo hana ruhusa ya kufukuzwa kazi wala kuugua kwa muda mrefu.

Na kodi yangu hununua kitu. Hunipa usingizi karibu na kazi. Hunipa uhuru wa kuhama nikipata uhamisho wa kwenda Kitale au Kisumu bila kuacha nyumba ikiliwa na mchwa. Bomba likipasuka, nampigia simu keateka, na gharama si yangu.

Sisemi kujenga ni kosa. Mwenye uwezo na ajenge, na Mungu ambariki. Ninachotilia shaka ni sababu inayotusukuma wengi kujenga kabla hatujawa tayari.

Benki hazitufikii kwa urahisi. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba iliyoko kwenye vitabu vya benki ni kama 30,000 tu. Kwa hiyo tunajenga kwa mkopo wa Sacco, kwa zamu ya chama, kwa mahindi yaliyouzwa, kwa fedha za kustaafu ambazo zilikusudiwa uzee. Tunanunua ploti ya futi hamsini kwa mia pembeni mwa jiji, upande wa Kapseret au Kimumu, kule ambako juzi palikuwa shamba la mahindi. Bei ya ploti tunaijua. Yanayofuata ndiyo hutukuta usingizini: kufanya sachi kwenye rekodi za ardhi ili kujua hatimiliki ni ya nani, kumlipa wakili, kumleta mpima ardhi, kupata kibali cha bodi ya ardhi iwapo ardhi ni ya kilimo, kisha ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani mjini au asilimia 2 mashambani. Hapo hata jiwe la msingi halijawekwa. Baadaye huja nguzo ya stima, maji, shimo la choo, na barabara ambayo masika yakishuka hugeuka tope.

Mwenzangu mmoja, muuguzi, alihamia nyumba yake madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati na sakafu ikiwa udongo. Wanaoijua Eldoret wanaijua baridi ya Julai. Nilipomtembelea nikamuuliza mbona hakusubiri amalize. Akanijibu, "Mwalimu, heri baridi yangu. Hapa hakuna wa kunigongea mlango usiku akidai hela."

Sitasahau jibu hilo, kwa sababu halikuwa na hata tone la fahari. Dada yule hakuwa amejenga kwa kuwa amefanikiwa. Alikuwa amekimbia. Tangu siku hiyo, kila nionapo nyumba iliyohamiwa kabla haijapigwa lipu, najiuliza mwenye nyumba alikuwa anakimbia nini.

Nami najua kinachokimbiwa. Zamani kidogo, katika mtaa mwingine, nilipandishiwa kodi kwa ujumbe wa simu, mwezi ukiwa umebakisha siku chache. Nilipohama, dipoziti yangu yote ilimezwa na rangi ya kuta ambazo nilizikuta zimechubuka. Sikuwa na mkataba wa maandishi. Nilikuwa na risiti za M-Pesa na neno la mdomo tu. Wapangaji wengi tuko hivyo. Tunaandikiana tukiuziana hata mbuzi, lakini kwenye nyumba ambamo watoto wetu watalala tunaridhika na "usijali, tutaelewana".

Ningelalamika wapi? Ipo Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba, na lipo baraza lake la kuamua migogoro. Lakini sheria hiyo inamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nenda Langas au Huruma leo ukaulize bei ya chumba kimoja, utaelewa ni wangapi waliosalia chini ya mwavuli huo. Mswada wa kuleta sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji ulifika Bungeni mwaka 2021, nao haukuwa sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha yanayofikika. Kati ya ahadi hiyo na kile kikomo cha 2,500 ndipo anapoishi mpangaji wa kawaida, akitegemea utu wa mwenye nyumba.

Na wenye nyumba nao wasitukanwe kwa jumla. Wengi wao si matajiri. Ni walimu waliostaafu waliotia kiinua mgongo chao kwenye vyumba kumi, ni wajane, ni wanariadha waliorudi na tuzo za mbio za ng'ambo wakaona heri matofali kuliko anasa. Serikali hutoza asilimia 7.5 ya kodi wanayokusanya, na huhesabiwa kabla hata paa halijakarabatiwa. Mpangaji akilimbikiza miezi mitatu kisha akatoroka usiku, mwenye nyumba ndiye anayebaki na deni la Sacco. Asiyeandika mkataba humwacha wazi mpangaji, naye pia hujiacha wazi.

Kuna jambo jingine ambalo Eldoret haiwezi kulizungumza kwa wepesi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliokuwa wamejenga hapa, wenye hatimiliki kabatini, waliona nyumba zao zikiteketea. Maelfu walilala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Hatimiliki haikuzima moto. Wapo waliorudi wakajenga upya, na wapo waliouza wakaondoka kabisa. Somo ninalolipata ni kwamba usalama wa makao hauko kwenye matofali wala kwenye lango la chuma. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Usalama uko kwa jirani ambaye siku mbaya atakusimamia, na jirani huyo hakuulizi kwanza kama umepanga au umejenga.

Serikali nayo imechagua upande. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Lengo ni kumfanya mpangaji awe mmiliki. Sina ugomvi na lengo hilo. Ila kati ya walimu, wauguzi na makarani wanaokatwa, wengi mno hawatapata funguo za nyumba hizo mwaka huu wala ujao. Watapanga miaka kumi, pengine ishirini, na wengine hadi kustaafu. Hakuna aliyewatungia sheria ya miaka hiyo. Tumemtengenezea mpangaji mlango wa kutokea, tukasahau kumwekea paa wakati angali ndani.

Kwa hiyo nina neno kwa pande tatu. Wabunge wairudishe mezani sheria ya wenye nyumba na wapangaji: kodi isipandishwe bila ilani ya kutosha, dipoziti irudishwe kwa muda maalumu baada ya nyumba kukaguliwa, na kikomo cha 2,500 kifutwe. Mwenye nyumba amwandikie mpangaji mkataba, hata wa ukurasa mmoja, na hali ya nyumba iandikwe siku ya kuingia ili isibishaniwe siku ya kutoka. Nasi wapangaji tulipe kwa wakati, na tukikwama tuseme mapema badala ya kuzima simu.

Mpangaji akilindwa hatajenga kwa kukimbia. Atanunua ploti baada ya kufanya sachi, atachimba msingi akiwa na akiba, na atahamia nyumba yenye madirisha. Na asiyejenga kabisa, akaishi kwa kupanga, akasomesha wanawe, akatunza wazazi na kulipa madeni yake, huyo hadaiwi maelezo na mtu.