Kadi Mbili za Mama wa Bitoyo

Tuseme ni mama anayeuza bitoyo, samaki wa chumvi, sokoni, hapo Kikula, Likasi. Mwaka 2023 anapata kadi mpya ya mpiga kura. Binti yake anailaza kando ya ile ya 2017, anazitazama, anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka.

"Mama, jicho lako la kushoto limeenda wapi?"

Jicho lipo, ila limezama. Kope imeingia ndani na shavu limebonyea.

"Haliumi, mwanangu."

Pua ya upande huo imeziba tangu zamani. Likasi hakukosekani cha kulaumu: vumbi la kiangazi, makala, moshi wa viwanda vya Shituru. Yeye hununua dawa ya kudondoshea puani, inamfungua saa chache, halafu pua inaziba kuliko jana. Dawa hiyo ni ya siku chache tu. Ukiizoesha pua, inakudai kila siku.

Ndani ya shavu kuna chumba cha hewa, ndiyo sinusi. Dari yake ndiyo sakafu ya jicho, mfupa mwembamba usiofika hata milimita 1 mahali pengi. Kimlango cha chumba kikiziba, utando hunyonya hewa iliyobaki. Umewahi kufyonza hewa ya chupa ya plastiki ukaona ubavu wake ukiingia? Kuta za sinusi nazo huvutwa hivyo, polepole, kwa miezi. Mfupa unakonda, sakafu inashuka, jicho linaifuata. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliuita ugonjwa huu sinusi kimya, maana mgonjwa hasikii maumivu. Sisi tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu, na hapo ndipo unapotupita.

Kuna sinusi nyingine isiyo kimya: usaha wa paji ukila mfupa, uvimbe laini unatokea juu ya nyusi, mara nyingi kwa vijana, na homa na kichwa kuuma. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mama anakaa na "haliumi" yake zaidi ya mwaka, mpaka anapoanza kuona samaki mmoja kama wawili. Ndipo anapanda gari la Lubumbashi. Daktari anamweleza: kimlango kitafunguliwa kwa kupitia puani, bila kupasua uso, jicho huenda likapanda lenyewe baada ya miezi, la sivyo sakafu itajengwa upya. Kisha anaomba picha za zamani.

Mama anatoa kadi zote mbili. Ile ya 2023 wino umeshafutika, uso hauonekani. Daktari anaishika ya 2017, anaitazama, anamtazama yeye.

"Hii usiitupe, mama."