Tangulieni, Nakuja

Tulikuwa watu ishirini na watatu kutoka jumuiya mbili za usharika wetu hapa Kariakoo, na tulikuwa tumechangishana kwa miezi minane. Kila Jumamosi, baada ya ibada ya jumuiya, daftari lilizungushwa na kila mtu aliandika alichojaliwa: elfu kumi, elfu tano, wiki mbaya elfu mbili. Tulitaka kwenda Mbeya, kupanda kwa miguu msitu wa milima ya Uporoto hadi Ziwa Ngozi, kuomba huko juu na kushuka siku hiyo hiyo.

Wapo waliouliza kwa nini tusiende Pugu au Bagamoyo, ambako nauli ni ndogo. Jibu letu, tukisema kweli, halikuwa la kiroho sana. Anayeishi kati ya Msimbazi na Mtaa wa Kongo huamshwa na kelele na hulala na kelele, na anga huliona vipande vipande katikati ya maghorofa. Tulitaka mahali ambapo mtu akiomba anajisikia mwenyewe.

Asiyekosa kuchangia hata wiki moja alikuwa mama mmoja mjane, muuza vitenge, mwenye umri wa miaka sitini na kitu. Jina lake hatulitaji. Insha hii inamhusu yeye, na neno moja alilotuambia njiani, ambalo tumelijadili tangu siku ile bila kulimaliza.

Ziwa Ngozi limo ndani ya shimo la volkano ya zamani, kusini mwa mji wa Mbeya, ukishika njia ya Tukuyu. Waswahili wa pwani wakisikia jina hilo hufikiria ngozi ya ng'ombe, lakini wenyeji walituambia kwamba kwa lugha yao maana yake ni kubwa. Urefu wake ni kama kilomita mbili na nusu, na hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Mlima wenyewe una zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Sisi tulitoka kwenye usawa wa bahari wenyewe, tukakaa ndani ya basi zaidi ya kilomita 800, tukalala Mbeya usiku mmoja, na asubuhi tukateremkia Isongole tukiwa na makoti ya kuazima.

Mwenyeji aliyetuongoza alikuwa mtu wa maneno machache. Kabla ya kuingia msituni alitutazama mmoja mmoja, akatazama na viatu, kisha akasema anayekwenda polepole kuliko wote akae mbele, wengine wamfuate. Tulicheka. Mama akawekwa mbele, na vijana wa kwaya wakampigia makofi kama bibi harusi.

Mpango huo uliishi kwa dakika kumi hivi. Njia ni nyembamba, udongo wake ni mweusi na laini, na pande zote mbili kuna miti mirefu na migomba mwitu ambayo ndizi zake hazina faida kwa mtu. Palikuwa pazuri, na uzuri una haraka yake. Kijana wa kwanza aliomba njia kwa adabu: "Samahani mama, napita." Akapita. Wa pili naye akapita. Sisi ni watu wa Kariakoo. Kupita pembeni ya mtu anayekwenda taratibu si jambo tunalolifikiria, ni mwendo wa miguu yetu. Pale Mtaa wa Kongo ukisimama kuangalia bei, mkokoteni utakupigia kelele nyuma. Baada ya nusu saa mama alikuwa wa ishirini na mmoja, na nyuma yake walikuwa dada wawili waliobaki kwa heshima.

Karibu na juu njia inasimama kweli. Unapanda kwa kushika mizizi, na penye kivuli pana utelezi hata wakati wa kiangazi. Hapo mama alikaa juu ya mzizi, akafungua kitenge chake kiunoni na kukifunga upya, akawaambia wale dada: "Tangulieni, nakuja." Wakamwuliza kama yuko salama. Akasema, "Niko salama, wanangu. Tangulieni." Wakatangulia.

Ziwa linapotokea, linatokea mara moja. Unafika ukingoni ukidhani bado kuna kupanda, na kumbe ardhi imekwisha, na chini kabisa kuna maji ya kijani yaliyozungukwa na kuta za msitu. Watu husema umbo lake linafanana na ramani ya Afrika, na ukitaka kuliona hivyo utaliona. Hatukuteremka majini, ukuta ni mkali mno. Tuliimba. Mzee wa kanisa akaomba sala ndefu. Baadaye mtu akataka tupige picha ya pamoja, na kwa ajili ya picha ndipo tukahesabiana. Tulikuwa ishirini na wawili.

Mwenyeji akauliza, "Mama yuko wapi?" Dada mmoja akajibu, "Amesema tutangulie."

Yule bwana hakusema neno. Aligeuka akashuka, na vijana wawili wakamfuata. Sisi wengine tuliobaki, na hili hatukuliandika kwenye taarifa iliyosomwa kanisani, tulipiga picha kwanza.

Walimkuta hatua chache juu ya pale alipoachwa. Alikuwa amejaribu kuja, akateleza, goti likavimba. Ukungu ulikuwa umeshuka, naye alikuwa amejifunika kitenge kichwani na kukaa peke yake karibu saa nzima. Tulipomfikia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmeliona?" Tulimwonyesha picha kwenye simu. Akatazama kwa upole, akasema ni zuri, akarudisha simu. Tungependa kuandika kwamba Mungu alimwonyesha pale chini jambo kubwa kuliko tuliloliona sisi juu. Hadithi za namna hiyo zinapendeza kusimuliwa. Tulimwuliza, naye akasema aliona miti na alisikia baridi.

Swali letu basi ni hili: mtu aliyechoka akituambia tutangulie, je, ruhusa yake inatuondolea deni?

Ndani ya basi wakati wa kurudi tuligawanyika. Wengine walisema ndiyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mama ni mtu mzima mwenye akili timamu. Amesema mwenyewe, tena mara mbili. Kumkatalia kungekuwa kumfanya mtoto. Tena, kama watu ishirini na wawili wangekaa naye chini baada ya miezi minane ya kuchanga, si tungemtwika mzigo mzito zaidi ya ule wa mlima, wa kujua kwamba ziwa limekosekana kwa sababu yake? Wapo wazee wanaoogopa mzigo huo kuliko maumivu. Mtume Paulo naye, katika Wagalatia sura ya sita, anatuagiza tuchukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele anasema kila mtu atauchukua wake mwenyewe. Wahubiri wengi husoma mstari mmoja na kuuruka mwingine, kutegemea ni siku ya michango au la.

Wengine walisema hapana. Mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha hadi Makambako: "Angejibu nini kingine?" Watu wote wamekwisha kumpita. Waliobaki naye ni wawili, na macho yao yako juu. Pale kwenye mzizi, jibu lililobaki lilikuwa moja tu, naye akalitoa kwa uungwana kwa sababu alilelewa vizuri.

Tumekaa na jibu hilo muda mrefu, na tunaona kwamba kosa letu halikuwa pale kwenye mzizi. Lilikuwa chini, kwenye dakika ya kumi, pale kijana wa kwanza aliposema samahani mama, napita. Wakati huo yangaliwezekana mambo mengi: kupunguza mwendo, kupumzika mara tano badala ya moja, kumpa mama fimbo na mkono wa kushika. Hatukumwuliza chochote. Tulimwuliza kama yuko salama pale ambapo swali halikutugharimu tena. Ruhusa aliyotupa ilikuwa ya kweli, ila tulikuwa tumemtengenezea sisi, hatua kwa hatua, hata akawa hana cha kutupa isipokuwa hiyo.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Yakobo na Esau wanakutana baada ya miaka mingi, na Esau anataka wasafiri pamoja. Yakobo anamwomba kaka yake atangulie. Anasema watoto wake ni wachanga na mifugo inanyonyesha, wakikimbizwa hata siku moja watakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto na wa mifugo. Tukumbuke kwamba sura moja nyuma mtu huyu ameteguka nyonga, anachechemea. Mchechemeaji ndiye anayepanga mwendo wa msafara, kama mwenyeji wetu alivyotaka. Lakini habari hiyo ina upande mwingine ambao hatujawahi kuusikia ukihubiriwa. Yakobo alimwahidi Esau kwamba atamfuata hadi Seiri. Akaenda Sukothi. Aliyesema tangulia, nakuja, hakuja. Huenda hakutaka. Mtu anaposema maneno hayo, aliyetangulia hawezi kujua maana yake mpaka ageuke nyuma.

Na ipo ile ya Daudi kwenye kijito Besori, katika 1 Samweli 30. Watu mia mbili walichoka kiasi cha kutoweza kuvuka, wakabaki na vyombo, na mia nne wakaendelea. Waliporudi na nyara, baadhi ya walioendelea walitaka waliobaki wasipewe kitu. Daudi alikataa, akaweka amri kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo wapate sawasawa. Ndugu mmoja kati yetu anaipenda sana habari hii na anasema inatosha: waliochoka waliachwa, kisha wakapewa fungu lao. Tunamjibu kwamba nyara hugawanyika. Ziwa uliloliona kwa macho yako utamgawiaje mwenzio?

Pengine sisi wa Kariakoo tungepaswa kuijua habari hii kuliko wengine. Jina la mtaa wetu limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi yao hapa baada ya Wajerumani kuondolewa mjini mwaka 1916. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi, na jeshi liliendelea na safari. Ile sanamu ya askari iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927 inawakumbuka pia wapagazi, lakini kwa maandishi ya chini tu. Aliyesimama juu na bunduki ni askari.

Tuliporudi tulianza kulisikia neno lile kila mahali. Mmoja wetu alipougua figo alituambia tusijisumbue kuja, tukashukuru kwa kuelewa kwake. Mjane mwingine alisema michango ya harusi iendelee tu, yeye atatoa mwakani. Tukaendelea, na mwakani hakuonekana. Jumuiya yetu moja hukutana ghorofa ya nne katika jengo ambalo lifti yake haijafanya kazi tangu tuhamie huko. Wazee watatu waliacha kuja, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alituma ujumbe uleule: endeleeni, nitaomba nyumbani. Katika daftari la mahudhurio tuliandika mbele ya majina yao, "kwa taarifa".

Mama naye ni wa jumuiya hiyo, na tangu goti lile ngazi zinamshinda. Mwezi uliopita tulipeleka hoja kwamba ibada ya Jumamosi ihamie chini, kwenye baraza la duka. Ilipingwa, tena kwa sababu nzuri. Chini kuna kelele za mikokoteni na spika za wauza nguo. Hakuna nafasi ya watoto. Ghorofani tuna mapazia, viti na kinanda. Tulichoka kutafuta kimya tukakipata, na sasa tunaambiwa tukiache. Kura zilikaribiana sana. Tumeteremka kwa majaribio ya miezi mitatu, na wawili waliokuwa wakihudhuria juu hawaji tena kwa sababu ya kelele. Hao nao walisema tuendelee bila wao. Jumanne tunakwenda kwao.

Tulipomwomba mama ruhusa ya kuandika haya, alisema, "Andikeni tu." Kwa kuwa tumejifunza kuliogopa jibu la namna hiyo, tulirudi wiki iliyofuata, tukamsomea yote, tukamwuliza tena. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema tumekosea mahali pamoja: hakukaa saa nzima pale msituni, ilikuwa zaidi. Halafu akauliza kama daftari la michango ya safari ya mwaka huu limeshaanza kuzunguka, maana hajaliona.