Ukweli Usio na Shahidi

Cheti ni kitu cha ajabu. Ndani yake mtu asiyekujua anamhakikishia mtu mwingine asiyekujua kwamba wewe unajua kazi. Sisi tuliofundisha miaka mingi na kutia saini vyeti vya watoto wa watu, tulizoea jambo hili hata tukaacha kulistaajabia. Tena katika maisha ya kila siku hatulihitaji sana. Fundi umeme wa mtaani kwetu haulizwi cheti. Anaitwa kwa sababu alifunga nyaya katika nyumba ya jirani, na taa zinawaka, na hakuna aliyerushwa na umeme. Lakini fundi huyohuyo akitaka kuhamia nchi ya mbali, nyumba ya jirani haiwezi kusafiri naye kwenda kumtolea ushahidi.

Nimelitafakari jambo hili tangu mtoto wa mdogo wangu, fundi umeme mwenye cheti cha VETA cha ngazi ya tatu, alipoamua kuhamia Kanada, katika jimbo la Ontario. Alidhani mlima mkubwa ni viza. Akaja kugundua kwamba viza ni mlango wa nchi tu. Mlango wa kazi ni mwingine na una ufunguo wake. Katika jimbo lile, ufundi umeme ni miongoni mwa kazi ambazo mtu haruhusiwi kuzifanya bila kusajiliwa, hata awe hodari namna gani. Anayetoka nje huomba kwanza chombo kinachosimamia ufundi stadi, Skilled Trades Ontario, kilichoanza kazi hiyo mwaka 2022, kipime kama uzoefu wake unalingana na wa mwanagenzi wa huko. Mwanagenzi wa umeme wa ujenzi na matengenezo huhesabiwa saa 9,000, za kazini na za darasani. Uzoefu ukikubaliwa, ndipo mtu anaruhusiwa kufanya mtihani, na alama ya kufaulu ni 70 kwa 100.

Kijana alikasirika. Akaniuliza, "Baba mkubwa, kwani umeme wa Kanada si umeme?"

Swali lake lina ukweli nusu. Kanuni za umeme hazina uraia. Lakini desturi za umeme zinao. Kwetu soketi ina volti 230, na mkondo una mizunguko 50 kwa sekunde. Kule soketi ya kawaida ina volti 120, jiko la umeme hupewa 240, na mizunguko ni 60. Hilo ni dogo. Kubwa ni rangi za nyaya. Sisi tulirithi utaratibu wa Waingereza, ambao zamani waya mwekundu ulikuwa laivu na mweusi ulikuwa nyutro. Waingereza wenyewe walianza kubadili mwaka 2004, wakaenda kwenye kahawia na buluu, lakini nyumba nyingi za zamani hapa kwetu bado zina nyekundu na nyeusi. Kanada mambo ni kinyume: mweusi ndio wenye moto, na nyutro ni mweupe. Basi fundi wetu, kwa mkono uliozoea na bila uzembe wowote, anaweza kuushika mweusi akiamini ni salama. Kwa hiyo nilimwambia kwamba mwenyeji anayempima mgeni kabla ya kumwachia nyumba yenye watoto hamtukani. Anawalinda watoto, na anamlinda mgeni pia.

Hapo alinielewa. Tatizo letu halisi lilikuwa mbele zaidi.

Wapimaji walitaka barua za waajiri zinazotaja kazi alizofanya na muda aliozifanya. Sisi hatuandiki barua za namna hiyo. Mwajiri wake mmoja alimwandikia mistari mitatu: kijana huyu ni mwaminifu, ana heshima, ni mchapakazi. Kwetu hiyo ni sifa kubwa kuliko zote. Kwa mpimaji aliye ng'ambo, barua ile haisemi kama kijana alifunga bodi ya umeme au alifagia stoo. Sisi tunamshuhudia mtu. Wao wanataka tuishuhudie kazi. Sidhani kama upande mmoja ni wa haki na mwingine wa dhuluma, ila anayehama ndiye analipa gharama ya tofauti hiyo.

Zaidi ya hayo, miaka minne ya mwanzo alifanya kazi chini ya fundi mzee aliyekwisha kufariki. Mzee yule hakuwa na daftari, hakuwa na muhuri, wala hakuacha risiti. Rafiki mmoja wa kijana akaleta ushauri: barua iandikwe kwa jina la marehemu, irudishwe nyuma tarehe, muhuri uchongwe. "Kwani ni uongo?" aliuliza. "Kazi si aliifanya?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilininyima usingizi, kwa sababu si la kipuuzi. Kazi aliifanya kweli. Mimi mwenyewe nilimwona akirudi jioni na vumbi la kuta alizochimba. Ukweli upo, unakosa shahidi tu. Je, ni kosa kuuchongea shahidi?

Jibu langu lilikuwa ndiyo, ni kosa, na sababu yangu haikuwa hofu ya kukamatwa. Kama nilivyotangulia kusema, cheti ni ahadi baina ya watu wasiojuana. Mpokeaji hana njia ya kutenganisha barua ya kughushi yenye ukweli ndani yake na barua ya kughushi yenye uongo. Kwake zote mbili zinafanana. Siku atakapogundua moja, atazitilia shaka zote zitokazo kwetu, na atakayeumia ni kijana mwingine atakayekuja baadaye na barua safi. Mwenye kughushi anakopa kwa jina la wenzake, na deni hawaambii.

Tukafanya lililowezekana. Tulikusanya taarifa za michango yake ya NSSF, zinazoonyesha mwajiri na miezi. Wenzake wawili waliofanya naye kazi kwa marehemu walikula kiapo mbele ya wakili, kila mmoja akaeleza alichokiona kwa macho yake. Mwajiri wa mistari mitatu alikubali kuandika upya, safari hii akataja majengo, kazi na miezi. Hata hivyo miaka ile minne haikuhesabiwa. Kijana akaambiwa aanze kama mwanagenzi ili atimize saa zilizopungua. Alinipigia simu akasema, "Baba mkubwa, ukweli wako umenigharimu." Nilimjibu kwamba ni kweli umemgharimu, na sikuwa na la kuongeza.

Bado naamini ushauri ule. Lakini naamini pia kwamba lawama haiishii kwa wageni. Hapa nyumbani VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, na EWURA hutoa leseni za kufunga umeme kwa madaraja. Mafundi wangapi wanazo karatasi hizo? Na sisi tunaowaajiri, ni lini tuliwahi kumwandikia fundi hata nusu ukurasa baada ya kazi? Tunamlipa, tunamshukuru, tunamwacha aondoke mikono mitupu. Kisha tunashangaa ugenini wakimwona kama aliyezaliwa jana.

Kwa hiyo namsihi kila mwenye fundi chini yake: andika. Andika jina lake, kazi aliyoifanya, tarehe aliyoanza na aliyomaliza, utie saini yako ungali hai. Kumfundisha mtu kazi kisha usiiache habari yake popote ni kumlipa nusu ya ujira wake. Na wewe kijana, mdai mkuu wako karatasi hiyo mapema, kwa adabu lakini bila haya, kwa maana mauti hayasubiri siku utakayotaka kuhama.